Kumtembeza Mgeni Ziwa Nyasa kwa Boti: Msimu, Chombo na Dhamana ya Mwenyeji

Ndugu anapowasili Kyela kutoka Dar es Salaam, Dodoma au ughaibuni, siku za mwanzo hupita katika kusalimia wazee, kuzuru makaburi ya familia na kula wali wa mchele wa Kyela kwa samaki. Baada ya hapo mgeni huomba jambo moja, naye ni nadra kulisahau: apelekwe ziwani. Kwa familia za Talatala na kata nyingine za wilaya hiyo ya Mkoa wa Mbeya, ombi hilo ni sehemu ya ukarimu, na mwenyeji hulipokea kwa furaha. Hata hivyo, kumpandisha mgeni chomboni ni kuchukua dhamana ya uhai wake. Mgeni hajui upepo wa ziwa, hamjui nahodha, wala hajui ni mwezi gani maji hutulia. Mwenyeji ndiye anayepaswa kuyajua hayo kwa niaba yake.

Makala haya yanaeleza hali ya ziwa katika ncha yake ya kaskazini, misimu ya kusafiri, vyombo vinavyotumika, maeneo yanayofikika kwa safari fupi na ndefu, pamoja na tahadhari ambazo familia inapaswa kuzichukua kabla ya kuondoka ufukweni.

Ziwa lenyewe

Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa wa eneo barani Afrika, baada ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 29,600, urefu wa kilomita 580 kutoka kaskazini hadi kusini, na upana usiozidi kilomita 80. Kina chake hufikia takribani mita 700. Kwa kuwa uso wa maji uko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, sakafu ya ziwa katika sehemu zake za kina kirefu iko chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 200.

Ziwa hilo limelala ndani ya Bonde la Ufa, na Kyela iko mwisho wa ziwa upande wa kaskazini. Upande wa magharibi na katikati, wilaya ni tambarare yenye rutuba, yenye mashamba ya mpunga, kakao, michikichi na migomba. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huipita ikishusha maji kutoka nyanda za juu. Upande wa mashariki, kuanzia Matema, Milima ya Livingstone huinuka ghafla kutoka majini. Katika sehemu nyingi za ukanda huo hakuna nafasi ya barabara kati ya mlima na maji, na kwa wakazi wa vijiji vilivyo chini ya milima hiyo, chombo cha majini ndiyo njia ya kwenda sokoni, hospitalini na msibani.

Umbo hilo la ziwa, refu na jembamba, ndilo linaloamua usalama wa safari. Upepo unaovuma kutoka kusini hupita juu ya maji kwa mamia ya kilomita bila kukutana na kizuizi. Kadiri upepo unavyosafiri umbali mrefu juu ya maji, ndivyo mawimbi yanavyokua. Mawimbi yaliyozaliwa kusini humalizikia kaskazini, katika fukwe za Kyela na Matema. Mgeni aliyezoea bahari ya Hindi anaweza kudhani kwamba ziwa ni dogo na kwa hiyo ni salama zaidi. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yenye kusimama, hufuatana kwa haraka, na chombo kidogo hakipati nafasi ya kuinuka na kushuka kama kifanyavyo baharini.

Msimu wa wageni na msimu wa ziwa

Jambo ambalo familia nyingi hazilizingatii ni kwamba majira ambayo ndugu husafiri kwenda nyumbani hayalingani na majira ambayo ziwa hutulia.

Wageni wengi hufika katika vipindi vitatu. Cha kwanza ni likizo ya shule ya Juni na mapema Julai. Cha pili ni mwisho wa mwaka, kwa ajili ya Krismasi na Mwaka Mpya. Cha tatu ni Pasaka. Kila kimoja kati ya vipindi hivyo kina hatari yake ziwani.

Kati ya Mei na Agosti huvuma upepo mkali wa kusini unaojulikana ziwani kwa jina la mwera. Ni majira yaleyale ambayo wakazi wa pwani huyaita kusi. Anga huweza kuwa safi kabisa na jua likawaka huku ziwa likiwa limechafuka, na mwera ukishaanza huweza kuvuma kwa siku kadhaa mfululizo. Mgeni anayeangalia juu akaona mbingu ya buluu hushangaa kuambiwa kwamba safari haiwezekani.

Historia ya ziwa hilo ina funzo la wazi kuhusu majira hayo. Tarehe 30 Julai 1946, meli ya Vipya, iliyokuwa mpya na imara kuliko boti yoyote ya kukodi inayoweza kupatikana leo ufukweni, ilizama katika dhoruba upande wa kaskazini wa ziwa, kwenye maji ya nchi ambayo sasa ni Malawi. Watu 145 walipoteza maisha.

Mwisho wa mwaka mvua huwa zimeanza. Kyela ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, na msimu wake huanzia Novemba hadi Mei, ukifikia kilele katika miezi ya Machi na Aprili. Dhoruba za msimu huo ni za ghafla: wingu hukusanyika juu ya milima, radi hupiga, na upepo hugeuka mwelekeo kabla chombo hakijafika ufukweni. Wakati wa Pasaka, aghalabu mito huwa imefurika, maji ya ziwa karibu na midomo ya mito huwa na tope, na magogo huelea juu ya maji pasipo kuonekana kwa urahisi.

Kipindi chenye utulivu zaidi kwa kawaida ni kuanzia Septemba hadi kabla ya mvua kuanza. Familia inayoweza kupanga safari ya ndugu yake katika miezi hiyo humpa nafasi nzuri zaidi ya kuliona ziwa. Pale ambapo mgeni hawezi kubadili likizo yake, mpango wa safari haupaswi kufungwa kwenye siku moja. Siku tatu au nne za akiba huwezesha kusubiri asubuhi yenye utulivu. Aidha, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ambayo hutoa utabiri na tahadhari za upepo mkali na mawimbi, zinapaswa kufuatiliwa jioni ya kuamkia safari na tena alfajiri.

Vyombo vilivyopo

Vyombo vinavyosafirisha watu katika ncha ya kaskazini ni vya aina tatu: meli, boti za injini na mitumbwi.

Meli ya abiria inayohudumia ukanda wa Tanzania ni MV Mbeya II, yenye uwezo wa kubeba abiria 200 na shehena ya tani 200. Meli hiyo ilijengwa hapahapa Kyela, katika Bandari ya Itungi. Husafiri kati ya Kyela na Mbamba Bay mkoani Ruvuma, ikipita bandari ndogo za mwambao. Meli za MV Ruvuma na MV Njombe, zenye uwezo wa tani 1,000 kila moja, ni za mizigo, na hazifai kuhesabiwa katika mipango ya matembezi ya familia. Bandari za ziwa hilo husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA). Ratiba ya meli hubadilika kutokana na matengenezo na hali ya hewa, hivyo taarifa sahihi ni ile inayopatikana bandarini siku chache kabla ya safari.

Boti za injini hukodiwa katika fukwe na mialo, hasa Matema. Usajili na ukaguzi wa vyombo vya majini ni jukumu la Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Kabla ya kukubaliana bei, mwenyeji anapaswa kuuliza mambo manne: chombo kimesajiliwa na kina cheti cha ukaguzi kilicho hai, idadi ya abiria kinachoruhusiwa kubeba, jaketi okozi zipo ngapi na kama zipo za watoto, na kama yapo makasia au injini ya akiba. Jibu la maneno halitoshi kuhusu jaketi okozi. Zinapaswa kutolewa, kuhesabiwa na kuvaliwa wakati chombo bado kiko ufukweni. Jaketi iliyokaliwa kama mto au kufungiwa chini ya mizigo haitamfaa mtu chombo kinapopinduka.

Mtumbwi wa gogo moja ni chombo cha mvuvi aliyeuzoea tangu utotoni. Huyumba kwa kila anayesogea. Mgeni anayetaka kuujaribu anaweza kufanya hivyo kwenye maji ya kina kifupi, akiwa amevaa jaketi okozi na mwenyewe mvuvi akiwa pamoja naye.

Kuhusu wingi wa abiria, Tanzania imejifunza kwa gharama kubwa. Ajali ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996 na ile ya MV Nyerere ya tarehe 20 Septemba 2018, zote katika Ziwa Victoria, zilihusishwa na chombo kubeba watu kupita uwezo wake. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, na watu zaidi ya 200 walifariki dunia. Ukaribu wa nchi kavu haukuwaokoa. Familia yenye watu 12 na boti yenye ruhusa ya watu 8 inapaswa kwenda kwa safari mbili.

Kutoka Matema hadi Ikombe

Safari fupi inayofaa zaidi kwa familia ni ile ya kutoka Matema kuelekea Ikombe, kandokando ya Milima ya Livingstone. Matema hufikiwa kwa barabara kutoka Kyela mjini kupitia Ipinda. Ufukwe wake wa mchanga huishia mahali mlima unapoanza, na kuanzia hapo miamba huingia moja kwa moja majini.

Katika miamba hiyo huonekana samaki wadogo wa rangi, maarufu kwa jina la mbuna. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, zikiwamo mamia ambazo hazipatikani mahali pengine popote. Katika jamii ya mbuna, jike hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe na vifaranga waweze kuogelea. Mgeni aliyekuja na watoto hatahitaji kwenda mbali, kwani maji karibu na miamba huwa maangavu katika miezi ya kiangazi, na samaki huonekana kutoka juu ya chombo kilichosimama.

Ikombe ni kijiji cha Wakisi, jamii inayojulikana kwa ufinyanzi. Wanawake hufinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu, huvipamba na kuvichoma kwa moto wa wazi. Vyungu hivyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi Lyulilo, jirani na Matema, ambako soko hufanyika siku ya Jumamosi, na kutoka hapo huuzwa Kyela, Tukuyu, Mbeya na kwingineko. Mgeni akipanga safari yake iangukie Jumamosi ataona soko hilo katika uhai wake wote. Mnunuzi wa vyungu vingi anashauriwa kuvisafirisha kwa gari kutoka Matema, badala ya kuvirundika katika chombo kilichobeba watoto.

Nyakati fulani za mwaka, juu ya maji huonekana kitu kama moshi mweusi unaopanda kutoka ziwani. Ni makundi makubwa ya wadudu wadogo waitwao kungu, ambao hukua majini na kuruka kwa pamoja. Baadhi ya jamii za mwambao huwakamata, huwakanda na kuwakausha kuwa kitoweo. Hawana madhara, lakini nahodha mwangalifu hukwepa kupitisha chombo katikati yao, kwa kuwa huziba macho na pua.

Visiwa viko kusini

Mgeni aliyekuja na picha ya visiwa kichwani anapaswa kuelezwa mapema kwamba pwani ya Kyela haina visiwa vya kutembelea. Visiwa vya upande wa Tanzania viko mbali kusini, katika Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma, kikiwamo Kisiwa cha Lundo. Huko hufikiwa kwa meli, kwa safari ya mwambao inayopita Lupingu na Manda wilayani Ludewa, kisha Liuli na hatimaye Mbamba Bay. Hiyo ni safari ya kulala njiani, inayohitaji chakula, nguo za baridi ya usiku na mpango wa kurudi, kwa kuwa meli hairudi siku hiyohiyo.

Liuli ina nafasi yake katika historia ya dunia. Wakati wa utawala wa Wajerumani iliitwa Sphinxhafen. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita imeanza. Shambulio hilo huhesabiwa miongoni mwa matukio ya kwanza ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika mwambao huohuo wa Liuli lipo Jiwe la Pomonda, mojawapo ya vivutio vinavyotembelewa wilayani humo.

Visiwa vya Likoma na Chizumulu, ingawa viko karibu na pwani ya Msumbiji, ni vya Malawi. Kuvifikia ni kuvuka mpaka, na hakuna boti ya kukodi ufukweni inayoweza kuchukua nafasi ya hati ya kusafiria na taratibu za Uhamiaji. Kadhalika, kwa upande wa magharibi wa Kyela, Mto Songwe ni mpaka. Mwenyeji anapaswa kuhakikisha kwamba matembezi ya mgeni wake hayavuki eneo hilo bila kibali.

Neno la mwisho ni la nahodha

Katika familia, kikwazo kikubwa cha usalama mara nyingi ni heshima. Mgeni akiwa mjomba, shangazi au baba mdogo, aliyegharimia mafuta na chakula, kijana mwenyeji huona haya kumwambia kwamba safari imeahirishwa. Mgeni naye, akiwa na tiketi ya basi ya kesho, husema twende tu. Katika mazingira hayo watu huingia majini ilhali kila mmoja ana wasiwasi moyoni.

Njia ya kuliepuka hilo ni kukubaliana usiku wa kuamkia safari, mbele ya mzee wa familia, kwamba nahodha ndiye atakayesema ndiyo au hapana, na kwamba akishasema hapana hapatakuwa na mjadala wala nyongeza ya fedha. Makubaliano hayo humlinda kijana asionekane mkaidi, na humlinda mzee asionekane kukataliwa. Asubuhi itakuwa rahisi kumwambia, “Mjomba, nahodha anasema leo ziwa limekataa.” Vilevile malipo ya awali yanapaswa kuwa na masharti yanayoeleweka, ili nahodha asisukumwe kuondoka kwa hofu ya kurudisha fedha.

Mpangilio wa kukaa chomboni nao unahitaji busara. Mila ya Wanyakyusa ya mkamwana kumwepuka baba mkwe wake iliandikwa kwa kina na mtafiti Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey walifanya utafiti katika eneo hilo katika miaka ya 1930. Ingawa imelegea katika familia nyingi, bado ipo katika baadhi ya nyumba. Ndani ya boti ndogo hakuna mahali pa kujitenga, na mtu anayeinuka kumpisha mkwewe katikati ya maji huweza kuyumbisha chombo. Ni vyema wahusika wasafiri katika safari tofauti, au nafasi zao zipangwe kabla ya kupanda.

Watoto, afya na kurejea

Watoto hawapaswi kuachwa waoge karibu na midomo ya mito au penye matete, kwa kuwa mamba na viboko hupatikana katika maeneo hayo. Maji yaliyotulia yenye majani ni makazi ya konokono wanaoeneza kichocho, ugonjwa unaoingia mwilini kupitia ngozi. Mgeni aliyeogelea ziwani anashauriwa kupima kwenye kituo cha afya wiki sita hadi nane baada ya kurudi kwake, hata kama hana dalili, kwa kuwa tiba yake ipo. Chandarua, maji ya kunywa yaliyochemshwa na kofia ya kukinga jua ni mahitaji ya kila safari.

Kabla ya kuondoka, mtu mmoja anayebaki nchi kavu anapaswa kuachiwa majina ya wote waliopanda, jina la chombo, mahali wanapokwenda na saa ya kurejea. Saa hiyo ikipita bila taarifa, atoe habari kwa Polisi na kwa Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi (BMU) cha mwalo husika, ambacho wavuvi wake ndio wenye uwezo wa kufika majini kwa haraka zaidi. Inafaa safari ianze asubuhi na kumalizika kabla ya alasiri.

Siku ambayo ziwa halikubali, Kyela bado ina mengi ya kumwonesha mgeni: mashamba ya kakao, ukamuaji wa mafuta ya mawese, soko la vyungu, na samaki aina ya mbasa au usipa kutoka maji yaleyale aliyotaka kuyavuka. Ndugu aliyekaa ufukweni Matema akiangalia mwera ukivuma, akarudi nyumbani kula na wenyeji wake, hajapoteza safari. Ziwa litakuwapo mwakani, naye atakuwapo kulivuka.